Kwa Nini Leonsi Ananiachia Nishinde

Jumapili, 5 Mei

Kaseti imegoma mara mbili. Ya tatu ikapakia. Dakika tano za ule mlio wa kukwaruza masikio, mke wangu Adelina akafunga mlango wa jikoni kama kawaida yake. Halafu ulingo ukatokea kwenye TV. Mabondia wawili. Wa bluu kushoto, mwekundu kulia. Mimi bluu, Leonsi mwekundu. Ndivyo tulivyokaa kila Jumapili tangu yule mwalimu mgeni wa sekondari alipoondoka akatuachia hii kompyuta, miaka thelathini na kitu sasa. Kompyuta yenyewe ni kibodi tu, haina kioo. Unaichomeka kwenye TV ya chogo na kwenye redio kaseti, unasubiri, unaomba Mungu.

Nimeshinda. Raundi ya pili. Bondia wake chini, kengele imelia.

Ni Jumapili ya tano mfululizo. Tangu tuanze kucheza, Leonsi hajawahi kushindwa na mimi hata mara mbili mfululizo. Mkono wake mwepesi, wangu mzito, nilishalikubali hilo. Leo ngumi zangu zote zimeingia, hata zile za kijinga ambazo mtoto angezikwepa. Bondia wake anasimama tu, anapigwa.

Ananiachia. Na mtu haachii bure.

Anataka nini?


Jumatatu, 6 Mei

Nimewaza siku nzima huku nageuza kahawa kwenye turubai. Binti wa kuozesha sina, Jovina ana mume wake Bukoba. Kile kipande cha kibanja karibu na kijito? Aliwahi kukiulizia, zamani, kwa utani. Utani wa Leonsi siuamini. Au anahama. Ana ndugu Rwanda, huenda wamemwita. Mtu anayetaka kuondoka huanza kuwa mpole.

Ningeweza kumuuliza. Sitamuuliza.


Jumatano, 8 Mei

Siku ya gulio. Leonsi amepita na pikapu saa moja asubuhi. Mikungu ya ndizi nyuma, Adelina mbele pembeni yake kama kila Jumatano. Mimi nilikuwa hapa nje, ukingoni mwa barabara. Nikapunga mkono. Hakunitazama. Macho mbele, shingo imekaza, amenipita kama kisiki.

Jioni wakati wa kurudi akapiga honi kutoka mbali, akatoa mkono dirishani, akanipungia kwa furaha.

Asubuhi hanijui, jioni ananijua. Huo ni mchezo gani?


Alhamisi, 9 Mei

Sijalala vizuri. Kutopungiwa mkono si jambo dogo kati yangu na Leonsi. Yeye ni munywani wangu, ndugu yangu wa kiapo. Tulikula omukago sote tukiwa vijana, mbele ya baba yake. Hatukuchanjana. Mimi Mlutheri, yeye Mkatoliki, damu tuliiogopa. Lakini tunda la kahawa tulilipasua, buni mbili zilizolala pamoja, mmoja akala moja na mwenzake moja. Ukishakula hiyo, humnyimi mwenzako, humshtaki, na siri aliyokuambia huitoi nje. Ukiitoa, buni inavimba tumboni mpaka ikuue. Ndivyo baba yake alivyotuambia. Nimefundisha sayansi miaka ishirini na nane na bado sijathubutu kuijaribu.

Sasa munywani anapita mlangoni kwako bila salamu.


Jumapili, 12 Mei

Nimeshinda tena. Sikufurahi hata kidogo.

Alikula kwetu. Ndizi na maharage. Nilikuwa namwangalia sasa, kila kitu. Alikula nusu ya sahani, akaacha nusu, maharage yote yamekaa upande mmoja hayajaguswa. Akaweka kijiko chini. Nikajua ni dharau kwa chakula cha mke wangu.

Adelina alinyoosha mkono, akaigeuza ile sahani. Leonsi akaona maharage, akaokota kijiko, akaendelea kula.

Nimelirudia hili kichwani mara ishirini. Aliigeuza sahani yake. Taratibu, bila kuulizwa, kama mtu aliyezoea. Mimi hajanigeuzia sahani tangu tuoane.


Jumatatu, 13 Mei

Leonsi alikuwa na safari ya Kanoni, kuchukua miche ya migomba. Adelina akasema na yeye anakwenda, kumwona dada yake. Dada yake alimwona wiki mbili zilizopita. Nikamkumbusha. Akasema dada haonwi mara moja tu.

Wamerudi saa kumi. Adelina ameshuka na uso wa uchovu. Amekaa kwenye kigoda nusu saa nzima bila kuvua viatu. Kwa kukaa tu garini?

Nina aibu ya kuandika ninachokiwaza. Naandika hata hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako.


Jumatano, 15 Mei

Nimefanya jambo la kipuuzi. Umri huu, mwalimu mstaafu, nimejificha kwenye migomba ya jirani pale kwenye kona ya mteremko nikasubiri gari lipite.

Nimewaona. Gari linakwenda polepole mno, kama la maharusi. Adelina anaongea. Mdomo haupumziki. Nyumbani ananipa maneno kumi kwa siku, na matano ni ya chumvi imekwisha. Kule ndani anaongea tu, na yeye anaitikia kwa kichwa. Na mkono wa Adelina uko juu ya mkono wa Leonsi. Nimeuona kwa macho yangu. Haukuwa umeangukia pale kwa bahati mbaya. Ulikuwa umemshika.

Nikabaki nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Basi ndiyo maana ananiachia nishinde. Ananilipa.


Ijumaa, 17 Mei

Nimemuuliza Adelina kwa kuzunguka. Nikasema Leonsi siku hizi amekuwa mtu wa ajabu. Akasema ni mgonjwa kidogo. Mgonjwa wa nini? Akasema, muulize mwenyewe, ni munywani wako. Akageuka kumenya ndizi. Kisu kilikuwa kinakwenda haraka.

Kabla ya Pasaka Leonsi alianguka shambani, kichwa kikamuuma siku tatu, akasema malaria. Alishapona. Anaendesha gari, anakula, anacheka. Ugonjwa gani huo?

Wote wawili wananidanganya, tena wanapeana zamu.


Jumapili, 19 Mei

Leo nimemtega.

Nilipakia mchezo kabla hajafika, nikakaa upande wake, nikashika kijiti chekundu cha kuchezea. Alipoingia nikasema waya wa kile cha bluu umelegea, mkono wake mwepesi ndio utakaokiweza. Uongo mtupu, waya mzima. Akasita kidogo. Akakaa.

Amenipiga raundi ya kwanza. Sikupata hata ngumi moja. Alikuwa Leonsi yule yule wa zamani, anakwepa, anarudisha, anakwepa. Tukarudia. Akanipiga tena. Alicheka mpaka akajifuta macho. Akasema leo amejisikia mzima.

Haya. Jaribio limekamilika. Mkono mzima, akili nzima. Kwa hiyo zile Jumapili zote alikuwa anashindwa makusudi. Nimefungua vijiti vyote viwili baada ya yeye kuondoka, nikavisafisha, nikavikagua. Havina kasoro. Hakuna jibu jingine lililobaki.

Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu: ukibadilisha kitu kimoja, matokeo yakabadilika, hicho ndicho chanzo. Nimebadilisha kimoja. Nimepata jibu. Sikulitaka.


Jumanne, 21 Mei

Nimemwambia Adelina kesho haendi gulioni. Akauliza kwa nini. Nikasema kahawa inahitaji mikono. Akasema kahawa itasubiri, yeye kesho ana lazima ya kwenda. Lazima! Nikasema mimi ndiye mume katika nyumba hii. Sijawahi kuisema sentensi hiyo maishani, na haikukaa vizuri mdomoni.

Alinitazama muda mrefu. Nikadhani atalia au atakiri. Akaomba simu ampigie Leonsi. Nikaiweka mfukoni mwangu. Nimempigia mwenyewe, nikasema shemeji yako ana homa, kesho haji. Leonsi akanyamaza kidogo. Akasema, nimpe pole.

Nimesikia lile pengo kabla ya neno pole. Nimelihesabia ushahidi.


Jumatano, 22 Mei

Leonsi amegonga mtu.

Pale pale kwenye kona ya mteremko. Saa moja na nusu asubuhi. Ezekieli, kibarua anayelima kwa watu, ana mke na wanaishi chumba cha kupanga njia ya Bugomora. Alikuwa anasukuma baiskeli na mikungu mitatu, ukingoni kabisa, kushoto. Gari limemkumba na kumtupa mtaroni. Mguu umevunjika. Mtu aliyekuwepo anasema mfupa ulionekana.

Tulisikia kelele kutoka hapa. Adelina aliangusha beseni la kahawa, akakimbia peku. Hakuuliza ni nini. Hakuuliza ni nani. Alikuwa anajua.

Sijui kwa nini alijua.


Alhamisi, 23 Mei

Sasa najua.

Adelina alirudi jana jioni kutoka hospitali na damu ya Ezekieli kwenye khanga. Hakuketi. Alisimama mlangoni, akasema:

"Leonsi haoni kushoto. Macho yote mawili. Mimi ndiye niliyekuwa jicho lake, na leo wewe umelifungia ndani."

Kisha akaingia chumbani.

Baadaye alisema yaliyobaki, ameutazama ukuta, amenipa mgongo. Ile malaria ya kabla ya Pasaka haikuwa malaria. Kitu kilimpata kichwani. Tangu hapo nusu ya dunia imemtoka, ya kushoto, kama mtu amekata picha na mkasi. Hospitali walimwambia huenda isirudi, wakamwambia asiendeshe. Lakini gari ndilo maisha yake, na bila gari hilo watu wa huku hawana wa kuwabebea ndizi. Akamwomba Adelina akae mbele, amtajie kila kilichoko kushoto. Baiskeli kushoto. Mama na mtoto kushoto. Mbuzi. Njia nzima, kwenda na kurudi, na akimwona mtu karibu sana anamshika mkono. Ndiyo maana alikuwa anarudi amechoka.

Mimi nilisimama kushoto asubuhi, hakuniona. Jioni nilikuwa kulia, akaniona. Maharage yalikuwa kushoto. Bondia wangu wa bluu alikuwa kushoto, ngumi zilimjia kutoka mahali asipopaona. Nilipobadilisha viti akaziona zote.

Jibu lilikuwa mbele yangu Jumapili, kwenye TV, kwa rangi mbili. Nikaliandikia tafsiri ya wivu. Mwalimu wa sayansi.

Najichukia leo. Sina njia nyingine ya kuliandika.


Ijumaa, 24 Mei

Nimekwenda hospitali. Mke wa Ezekieli aliniamkia shikamoo kama vile mimi ni mtu wa maana. Nikashindwa kuitikia vizuri. Ezekieli mguu umefungwa mpaka nyonga. Hana hasira, na hilo ndilo lililonitesa. Alisema alimwona dereva anatazama mbele, akajua ameonekana.

Kuna jingine. Leonsi amewaambia watu kwamba baiskeli iliyumba ikaingia barabarani. Watu wote wamekubali. Leonsi ni dereva wa miaka na miaka. Ezekieli ni kibarua, kwao Burundi, atabishana na nani? Wanasema ni uzembe wake. Wanasema kabisa mbele ya mkewe.

Na mimi nina buni tumboni.


Jumamosi, 25 Mei

Sijala. Adelina amepika, ameweka mezani, ameondoka.

Nikisema, namshtaki munywani. Nikinyamaza, Ezekieli anabaki mzembe mwenye mguu uliovunjika. Nimeogopa kitu nilichokula nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nimeogopa kweli, si mzaha. Tumbo linauma tangu asubuhi na najua ni njaa tu.


Jumapili, 26 Mei

Leonsi amekuja kwa miguu. Amekuja na fimbo, amegusagusa ukuta wa kushoto mpaka akaupata mlango. Sikuwasha TV.

Nilitaka kuanza na lawama. Kwa nini umwambie mke wangu, mimi unifiche. Akaniwahi.

"Wewe uliapa. Ningekuambia, ungelazimika kunifichia mpaka kaburini. Shemeji hakuapa. Siku akichoka, alikuwa huru kusema."

Hakuchoka. Hilo ndilo kosa la Adelina, kama ni kosa.

Nikamwambia basi, yeye hakuniambia, nimejua nje ya kinywa chake, kwa hiyo siri hiyo haikuwekwa kwangu. Kesho nakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kusema kwamba baiskeli haikuyumba. Miaka yote hii sijawahi kumwambia neno la namna hiyo.

Nje mvua ikaanza, nikasikia Adelina anakusanya turubai la kahawa peke yake na sikunyanyuka kumsaidia. Mwishowe Leonsi akasema nisiende. Atakwenda mwenyewe. Akatoa ufunguo wa gari, akauweka mezani. Aliuweka kushoto kwake, kisha akaupapasa kidogo kujua kama kweli ameuacha.

Halafu akauliza kama shemeji amepona homa.

Ningeweza kusema amepona. Neno moja, tukaishi nalo. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mjanja.

"Hakuwa na homa. Nilimzuia. Nilidhani mnapendana."

Aligeuza kichwa chote kushoto ili anione mzima. Nilitarajia atacheka. Nilitarajia pia kofi. Akasema:

"Na mimi nilijua hayupo, nikawasha gari."

Mvua ilipokatika akaondoka.


Jumatatu, 27 Mei

Amekwenda kweli. Nilisimama nyuma ya watu. Alisema kila kitu, macho, hospitali, katazo la daktari. Alisema baiskeli ilikuwa mahali pake. Watu waliguna. Kuna mama aliyepanda gari lile na mjukuu wake wiki iliyopita, akakaa chini palepale.

Nami nikasema langu, kwamba ni mimi niliyemzuia Adelina siku ile, na sababu. Nilitaja sababu. Wanafunzi wangu wa zamani walikuwepo pale, wengine na ndevu nyeupe. Walicheka, kisha wakaacha.

Mke wa Ezekieli hakucheka wala hakulia. Aliuliza kama mtu ataandika hayo. Mwenyekiti akasema yataandikwa. Mwanamke akasimama pale mpaka yakaandikwa.


Jumatano, 29 Mei

Nimemwomba Adelina msamaha. Amesema amenisikia. Amekwenda gulioni kwa bodaboda na mkungu mmoja tu. Nimembebea mpaka barabarani. Hakuaga.

Tumbo halijavimba.


Jumapili, 9 Juni

Kaseti imepakia mara ya kwanza. Sijui ni baridi au ni bahati.

Leonsi anakaa kushoto sasa. Yeye bluu, mimi mwekundu, itabaki hivyo. Tulicheza mapambano matatu. Amenipiga yote. Hakujisifu, na mimi sikukilaumu kijiti. Katikati ya pambano la pili aliuliza mguu wa Ezekieli unaendeleaje. Nikamwambia nilikuwa jana na Adelina kupalilia shamba lao la kukodi, ameanza kusimama kwa magongo, mfupa wa chini bado. Akasema atakwenda nasi wiki ijayo, jembe halihitaji macho mazima. Pikapu imeuzwa kwa mtu wa Nkwenda.

Jioni nilimsindikiza. Nilitembea kushoto kwake. Njia ilikuwa na tope na yeye alitembea taratibu, akinisimulia habari ya migomba yake iliyoliwa na fukusi. Nilimwacha mlangoni kwake, nikarudi.

Adelina alikuwa anapeta kahawa uani. Akauliza kama Leonsi amefika salama.

Ni swali lake la kwanza kwangu tangu ile Jumatano ya ajali. Nikasema amefika.